Taa Ifuate Mkono: Somo la Kupanga Mwanga wa Nyumba

Ramadhani iliyopita nilikaa siku tatu kwa dada yangu mkubwa, Masalani. Nyumba yake ni ya mawe, ina vyumba vitatu vya kulala, sebule, jikoni na paa la mabati. Wiki chache kabla ya mfungo alikuwa amenunua taa kubwa ya sola, ile ambayo watu hupenda kuifunga langoni. Boksi liliandikwa wati 200. Muuzaji alimshauri aiweke juu kabisa, katikati ya sebule, ili nyumba nzima ipate.

Baada ya kufuturu sebule iling'aa kama uwanja wa mpira. Mpwa wangu, aliye kidato cha nne, alikaa mezani akitazama ukuta, taa ikiwa nyuma yake. Kivuli cha kichwa chake kilianguka moja kwa moja juu ya kitabu. "Abti," akaniambia, "kichwa changu ndicho kinachonizuia kusoma." Jikoni hakukuwa na taa hata moja. Mama yake alikata vitunguu huku akiibana simu kati ya bega na shavu ili tochi yake immulikie. Kabla ya saa tano usiku taa kubwa ikafifia, ikazima. Tulipoamka kula daku saa tisa na nusu, ililetwa koroboi, ikawekwa sakafuni karibu na sinia. Mtoto mdogo wa nyumba hiyo, ambaye hajatimiza miaka miwili, akanyoosha mkono kuushika moto. Niliwahi kumdaka.

Dada yangu hakukosa mwanga. Alikuwa nao mwingi kupita kiasi, ila uliwekwa mahali ambapo hakuna mtu anayefanya kazi, na ukaisha kabla ya saa uliyohitajika. Toka siku hiyo nimekuwa nikiuliza mafundi, nikipima na kusoma. Somo la toleo hili ni yale niliyojifunza, kwa mkaazi wa Masalani, Ijara, Sangailu, Hulugho na kwingineko katika kaunti yetu anayepanga kuweka taa au kuzipanga upya alizonazo.

Anza na karatasi kabla ya kwenda dukani

Kwetu, karibu na ikweta, giza huingia kabla ya saa moja usiku mwaka mzima, na usiku una takriban saa kumi na mbili. Nyumba huhitaji taa mara mbili: kuanzia magharibi hadi watu walale, na tena alfajiri. Watu wengi hupanga taa za jioni tu na kuisahau alfajiri. Mama anayewasha moto wa chai kabla ya swala ya alfajiri hupapasa gizani kila siku, si Ramadhani peke yake.

Chukua karatasi uchore nyumba yako kama inavyoonekana ukiwa juu ya paa. Haihitaji kuwa nzuri. Kisha tia alama ya X kila mahali ambapo mikono hufanya kazi usiku: pale mboga zinapokatwa, kwenye meko, meza ya masomo, mashine ya kushona, pembe anapokaa mzee na msahafu wake, kitanda cha mtoto au mgonjwa anayehudumiwa usiku. Tia alama pia pale watu wanapokaa kwa mazungumzo, na kwenye njia ya kwenda chooni. Halafu, kando ya kila alama, andika ni kwa saa ngapi taa itahitajika.

Tulipofanya hivyo kwa dada yangu tulipata alama nane. Katikati ya sebule, taa iliponing'inia, hapakuwa na alama hata moja. Ni pale watoto wanapopita mbio wakielekea jikoni.

Umbali na kivuli

Kuna kanuni moja ya mwanga inayookoa pesa kuliko zote. Taa ikiwa mbali nawe mara mbili zaidi, mwanga unaokufikia haupungui kwa nusu, hubaki robo. Taa iliyo mita 3 juu ya kitabu, ukiishusha hadi mita 1 na nusu, kitabu hupata mwanga mara nne ya ule wa mwanzo, bila kuongeza wati hata moja. Ndiyo sababu taa ndogo ya wati 5 karibu na meza humshinda jitu la darini.

Kivuli nacho kina kanuni yake. Mwanga wa kuandikia utoke upande wa pili wa mkono unaoandika. Anayeandika kwa mkono wa kulia aweke taa kushoto kwake, mbele kidogo, na anayetumia kushoto afanye kinyume. Nimeulizwa kama mtoto wa duksi anayeandika Kiarabu kwenye ubao, kutoka kulia kwenda kushoto, anahitaji mpango tofauti. Hapana. Kinacholeta kivuli ni mkono, na mkono ni ule ule wa kulia.

Jikoni ndiko kosa hili linakofanyika zaidi. Fundi hufunga balbu katikati ya chumba, lakini meza au meko yako ukutani. Mpishi huupa mwanga mgongo, na kisu hufanya kazi kwenye kivuli chake mwenyewe. Balbu ifungwe ukutani, juu kidogo ya kichwa cha mpishi, upande ule ule wa meko lakini si juu ya mvuke wala moshi. Waya wa ziada wa mita mbili hugharimu kidogo kuliko balbu ya pili. Kama unapikia kuni au makaa, ifute balbu hiyo kila wiki, kwa sababu masizi hula mwanga kimyakimya na mwenye nyumba hudhani taa imechoka.

Soma lumeni, usisome wati

Wati hukuambia taa inakula kiasi gani. Kinachokuambia inatoa mwanga kiasi gani ni lumeni, ambazo huandikwa kwenye boksi kwa herufi "lm". Ili upate picha: koroboi hutoa lumeni 10 hivi, kandili yenye chemni hutoa kama 40. Balbu ya zamani ya waya, ya wati 60, ilitoa karibu lumeni 700, na sehemu kubwa ya umeme wake ikaishia kuwa joto, jambo ambalo sisi wa huku hatuna uhaba nalo. Balbu ya LED hutoa mwanga huo huo kwa wati 7 au 8.

Kwa chumba cha kawaida chenye kuta nyeupe, jikoni patosheke na lumeni 600 hadi 800. Taa ya kusomea iliyo karibu na kitabu ikiwa na lumeni 400 inatosha. Chumba cha kulala ni 200 au 300, na ushoroba au choo 100 tu. Sebule nitaizungumzia peke yake.

Sasa turudi kwenye boksi la wati 200. Kuna kipimo ambacho hakihitaji chombo chochote. Paneli nzuri ya sola yenye ukubwa wa mita moja ya mraba hutoa takriban wati 200 jua likiwa kali. Paneli yenye ukubwa wa daftari kubwa la shule, basi, haiwezi kuzidi wati 12 hivi hata kama imeandikwa 100. Ile ya dada yangu ilikuwa kama madaftari mawili. Kwa hiyo alinunua paneli ya wati 25 hivi iliyovaa kanzu ya 200. Kabla hujalipa, tazama ukubwa wa paneli, tafuta lumeni zilizoandikwa, tafuta alama ya ubora ya KEBS, na udai waranti iliyoandikwa pamoja na risiti. Muuzaji anayekasirika ukiuliza maswali hayo amekujibu.

Kuta na paa zifanye kazi

Nyumba nyingi zetu zina kuta za rangi ya udongo au mabati yaliyozeeka, na hakuna siling'i. Ukuta mweupe hurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga unaoupiga. Ukuta wa kahawia iliyokolea hurudisha chini ya 20. Maana yake ni kwamba katika chumba cheusi unanunua mwanga na kuta zinaumeza.

Majirani zetu wa Lamu walilijua jambo hili kabla umeme haujafikiriwa. Nyumba za mawe za mji wa kale, uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, zina kuta nene za matumbawe na vyumba vyembamba virefu, kwa kuwa upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko. Chumba cha namna hiyo kingekuwa pango. Lakini kuta zilipakwa chokaa nyeupe laini, na kiwanda kilicho wazi katikati ya nyumba kilishusha mwanga wa jua, ukagonga ukuta huu, ukarushwa kwenye ule, hadi ukafika ndani. Hata zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo vya kauri, huonekana vizuri kwa sababu ya weupe huo.

Huhitaji matumbawe. Kabla ya kununua taa ya ziada, paka chokaa au rangi nyeupe isiyong'aa sana kwenye kuta na siling'i. Kama hakuna siling'i, paka rangi nyeupe upande wa ndani wa mabati. Usiogope vumbi letu: paka rangi iliyokoza kiasi kwenye futi tatu za chini, ambako migongo na mikono ya watoto hugusa, halafu nyeupe juu yake. Kazi ya kurudisha mwanga hufanyika juu.

Mchana pia ni sehemu ya mpango. Kuna nyumba za mabati Masalani ambazo saa sita mchana, jua likiwaka nje, ndani huwezi kutafuta sindano bila tochi. Kipande kimoja cha bati la plastiki lipitishalo mwanga, kikiwekwa jikoni au kwenye ushoroba, hutatua hilo. Usiweke vingi, wala juu ya chumba cha kulala, kwa kuwa joto hupita pamoja na mwanga. Njia nyingine ilibuniwa mwaka 2002 na makanika wa Brazili aitwaye Alfredo Moser, na sasa inatumika nchi nyingi: chupa ya plastiki ya lita mbili hujazwa maji safi yaliyotiwa kifuniko cha dawa ya klorini yasiote ukungu, kisha hupenyezwa kwenye tundu la bati, nusu nje, nusu ndani, na kuzibwa kwa gundi ya kuzuia maji. Maji huupinda mwanga wa jua na kuutawanya chumbani, na mchana mkali chupa moja hutoa mwanga kama wa balbu ya zamani ya wati 40 hadi 60. Haifanyi kazi usiku, na zibio lisipofanywa vizuri utaijua siku ya mvua. Kwa stoo au jikoni la nje inafaa sana.

Sebule ya kukaa chini

Vitabu vingi vya kupanga taa huandikwa kwa watu wanaokaa kwenye viti virefu. Sebule nyingi za kwetu zina magodoro na mito iliyopangwa kuzunguka kuta, na wageni hukaa chini wakiegemea. Jambo hili hubadilisha hesabu yote. Aliyekaa chini na kuegemea ukuta huinua uso kidogo, na balbu tupu ya darini humpiga machoni usiku kucha. Ndiyo maana katika nyumba nyingine wageni huzungumza huku wamejikinga kwa kiganja.

Weka taa mbili ndogo kwenye pembe mbili zinazotazamana badala ya moja kubwa katikati. Zifunge ukutani, kiasi cha mita moja na nusu hadi mbili kutoka sakafuni, na uzifunike ili balbu yenyewe isionekane, mwanga uelekee ukutani na darini ndipo urudi kwa watu. Nyuso huonekana laini, chai huonekana rangi yake, na mapambo ya pazia yanajitokeza. Taa mbili za wati 5 zinatosha sebule ya mita 4 kwa 4 iliyopakwa nyeupe.

Kifuniko si lazima kitoke Nairobi. Kikapu kidogo cha ukindu kilichosukwa kwa nafasi, kikiwekwa kinyumenyume juu ya balbu, huchora ukutani michoro ambayo hakuna duka linaiuza. Ni kwa balbu ya LED tu, na kikapu kisiiguse balbu. Usithubutu kufanya hivyo kwa balbu ya waya inayochoma, wala kwa kandili.

Rangi ya mwanga huandikwa kwa nambari yenye herufi K. Nambari 2700K au 3000K ni mwanga wa manjano, kama wa moto uliotulia, na huifaa sebule na vyumba vya kulala. 4000K ni mweupe wa wastani, unaofaa jikoni na kwenye masomo. 6500K ni mweupe unaoelekea buluu, na ndio umejaa madukani kwetu kwa kuwa huonekana mkali ukiwashwa kaunta. Ukiuweka sebuleni, wageni wako hufanana na watu waliolazwa wodini. Haya ni maoni yangu na najua wapo wasiokubali, ila jambo la pili halina ubishi: mwanga wenye buluu nyingi huvutia wadudu wengi kuliko wa manjano. Baada ya mvua, wakati kumbikumbi wanapotoka, utaona tofauti kati ya baraza yenye 6500K na yenye 2700K. Wadudu wakipungua, vyura hupungua, na wanaowafuata vyura pia.

Anayeshona, au anayenunua na kuuza vitambaa nyumbani, atazame pia maandishi CRI au Ra kwenye boksi. Nambari ikiwa 80 au zaidi, rangi huonekana jinsi zilivyo. Chini ya hapo unaweza kuuza kitambaa cha kijani usiku na kikarudishwa asubuhi kama cha buluu.

Hesabu ya sola

Watu huniuliza mbona kaunti yenye kituo kikubwa cha sola bado ina nyumba zenye giza. Kituo cha Garissa, chenye uwezo wa megawati 50 na kilichozinduliwa Desemba 2019, huingiza umeme wake kwenye gridi ya taifa. Hautoki pale kwenda moja kwa moja kwenye paa la mtu aliye Sangailu. Garissa pia ni moja kati ya kaunti 14 zilizotajwa katika mradi wa taifa wa sola kwa maeneo yasiyofikiwa na gridi, unaojulikana kama KOSAP. Hata hivyo, kwa nyumba nyingi za Ijara mfumo unaotumika ni ule ambao mwenyewe ameununua, na hesabu yake ni yeye atakayeifanya.

Hii ni ya dada yangu. Jikoni: wati 7 kwa saa 3 za jioni na saa 1 na nusu ya alfajiri, jumla 31.5. Meza ya masomo: wati 5 kwa saa 3, ni 15. Sebule: taa mbili za wati 5 kwa saa 4, ni 40. Vyumba vitatu vya kulala: wati 3 kila kimoja kwa saa 1 na nusu, ni 13.5. Taa ya wati 1 kwenye njia ya choo, saa 11 usiku kucha, ni 11. Ukijumlisha ni 111 kwa usiku mmoja, kipimo chake kikiwa wati kwa saa.

Betri ya asidi ya volti 12 haifai kutolewa zaidi ya nusu ya uwezo wake, la sivyo hufa mapema. Kwa hiyo mara mbili ya 111 ni 222, na ukitaka akiba ya usiku wa pili wakati wa mawingu ni 444. Gawa kwa 12, unapata 37, basi nunua betri ya 40Ah. Betri za lithiamu huruhusu kutolewa zaidi, asilimia 80 na zaidi, ndiyo maana ndogo yake hufanya kazi ya kubwa, ingawa bei ya mwanzo iko juu. Kwa paneli, hesabu saa 5 za jua kamili kwa siku na uondoe thuluthi hivi inayopotea kwa joto, vumbi na nyaya. Unahitaji wati 32, na paneli ya wati 50 inakupa nafasi ya kupumua, hata kuchaji simu.

Taa zote nane zikiwaka pamoja hula wati 32. Zikipitia waya mwembamba wa milimita 1 ya mraba kwa umbali wa mita 10, karibu volti 1 kati ya 12 hupotea njiani na taa za mwisho hufifia. Waya wa milimita 2.5 hupoteza kama theluthi moja ya volti. Weka paneli mahali pasipofikwa na kivuli cha mti wala cha tangi la maji, iinamishe kidogo ili mvua iioshe, na uifute vumbi alfajiri ikiwa bado baridi. Betri isikae chini ya bati lililochomwa na jua. Joto linapozidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10, umri wa betri ya asidi hupungua karibu nusu.

Na isikae sakafuni. Wakaazi wa kando ya mto Tana hawahitaji kukumbushwa mafuriko ya El Niño ya mwishoni mwa 2023. Betri, soketi na maungio ya nyaya yawekwe juu, usawa wa kifua, hata kama nyumba haijawahi kuingiwa na maji.

Wenye umeme wa tokeni

Kwa wenye mita, taa peke yake zinaweza kukutoa kwenye bei ya chini. Tangu Aprili 2023 kiwango nafuu cha majumbani ni kwa anayetumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi. Balbu tano za waya za wati 60, zikiwaka saa 5 kila usiku, hula yuniti 45. Balbu tano za LED za wati 7 hula yuniti 5 na robo.

Kazi ya nyaya za umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, na mwambie akuonyeshe. Mwombe pia swichi iwe kando ya mlango upande wa kitasa, ili mtu aiwashe kabla ya kuingia, na njia ya ushoroba iwe na swichi mbili, moja kila mwisho. Mafundi wetu huzifunga swichi juu sana. Kimo cha mita 1 na robo humfaa mtu mzima na mtoto wa shule.

Kwa familia zinazohama na mifugo

Aliye kwenye herio hahitaji nyaya. Anahitaji taa mbili za sola za kubebeka, moja ya kuning'inizwa kwenye fito za juu ndani na moja ya mkononi kwa anayetoka kukagua zizi. Kuwa na mbili ndilo jambo kubwa. Taa ikiwa moja, baba akitoka nayo kwa sababu mbuzi wameshtuka, mama na watoto hubaki gizani, na hapo ndipo koroboi huwashwa ndani ya nyumba ya mikeka na ngozi, ambayo moto huila kwa dakika chache. Paneli yake ichajiwe juu ya mti wa miiba au kwenye paa, kwa sababu mbuzi huikanyaga na ngamia huing'ata kamba. Ukiweza, chagua inayowasha mwanga kwa ngazi mbili au tatu, na usiku wa kulala iwe ngazi ya chini.

Nilirudi Masalani mwezi uliopita. Jikoni kuna balbu ukutani, juu ya meko. Mpwa wangu ana taa yake ya meza upande wa kushoto, na amemhamisha mdogo wake aliyekuwa akisomea kitandani, wakae pamoja. Ile taa ya wati 200 za uongo imefungwa nje, juu ya njia ya choo, na hapo inafanya kazi nzuri hadi saa tano inapozima. Dada yangu ameikubali kwa hilo. Sebuleni bado ameweka balbu ya 6500K kwenye pembe moja, mwanga mweupe wa hospitali, kwa sababu anasema ile ya manjano humfanya asinzie kabla ya isha.

"Abaayo," nikamwambia, "pembe ile ya pili ina 2700K, kaa kule ukitaka kulala."

Akaniambia nimalize chai yangu.